Mgeni wa Ukutani

"Emaye, mama yangu, hicho ni kijiko cha tatu."

Sauti ilitoka ukutani, juu ya kabati la vyombo, kati ya picha ya Bikira Maria na ile ya marehemu mume wa mwenye nyumba. Mama mwenyewe, Etiye Zenebech, alibaki ameshika kijiko cha sukari hewani. Majirani waliokaa kwenye vigoda kuzunguka vikombe waliinamisha macho, wakawa wanayachunguza majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, maana mtu mzima akigombezwa mbele ya wageni wake, wageni ndio wanaoona haya.

"Ni cha mgeni," Zenebech aliuambia ukuta.

"Mgeni gani? Nakiona kikombe, ni chako. Na dawa ya presha umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Sikukuona."

Zenebech alirudisha sukari kwenye kopo. Alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi, aliyezika mume na kulea watoto wa ndugu zake pamoja na wake, na huko Gulele, mtaani kwake Addis Ababa, hakuna aliyewahi kumhesabia vijiko. Aliinywa ile kahawa vilevile ilivyo chungu, na akajitahidi uso usimkunjamane.

Aliyesema alikuwa Fikirte, bintiye wa pekee, aliyekuwa Washington wakati huo, ndani ya gari, akielekea kazini. Fikirte hakuwa mtoto mbaya, na hili lisemwe mapema. Baba yake alipofariki siku zile za korona, yeye alikuwa akipiga simu kila siku, na kila siku akiambiwa baba hajambo, ana mafua kidogo, amelala, yuko bafuni. Kwetu msiba haupigiwi simu. Mtu aliye mbali huachwa ale na alale, mpaka watu wazima wa huko aliko wamwendee asubuhi na mapema, wamzunguke, wamshike mikono, ndipo aambiwe. Lakini korona ilikataza watu kuzungukana, basi wazee wa Washington wakawa wanaahirisha. Fikirte aliendelea kumnunulia baba yake soksi za sufu mwezi mzima baada ya mzee kuzikwa.

Hakuwasamehe. Ndege ziliporuhusiwa alikuja, akalia kaburini, na kabla ya kuondoka akapanda ngazi akakigongomea ukutani kidude cheupe chenye jicho moja. Kilikuwa kinaona, kinasikia, kinasema, na kikitaka kinageuza shingo. Mama mtu aliambiwa ni kwa usalama wake.

Mwanzoni majirani walikionea fahari. Walikuwa wakikisalimu wakiingia, na mama mmoja alikipigia magoti akidhani ni kitu cha kanisa. Baadaye wakakizoea, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mtu akishazoea kitu husahau kuwa kipo.

Siku hiyohiyo ya kijiko cha tatu, ubani ukifuka na kahawa ya duru ya pili ikizunguka, jirani wa ukuta kwa ukuta, Etiye Askale, alisahau. Akakumbuka habari za mzee wa mtaa, Gashe Workneh, mwenyekiti wa idir, chama cha maziko cha mtaa, ambaye kila mkutano lazima ataje kwamba mwanawe yuko hospitali kubwa ya Marekani.

"Ni kweli yuko hospitali," Askale alisema. "Anaegesha magari ya wagonjwa."

Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa mitandio. Na ukuta nao ukacheka.

*

Fikirte hakukusudia ubaya. Alimwambia rafiki yake mmoja tu, kwa kuwa jambo lilimchekesha, na huyo rafiki akamwambia mwenziwe kwa sababu ileile. Kabla jua la Gulele halijatua, maneno yalikuwa yamekwisha kuvuka bahari na kurudi. Gashe Workneh alisimama mlangoni kwa Askale, amevaa koti lake la mikutano na fimbo mkononi, akauliza mbele ya wapita njia kama kuna kazi ya halali isiyo na jasho. Akauliza pia mtoto wa Askale, aliyemaliza chuo na tangu hapo hajatoka kitandani, yeye anaegesha nini.

Askale naye akavuka kwenda kwa Zenebech. Hakuingia.

"Mimi nilidhani nimekuja kunywa kahawa," alisema akiwa nje ya lango. "Kumbe nilikuja redioni."

"Askale, mtoto alikosea."

"Mtoto yuko Marekani. Aliyemwekea sikio ukutani ni wewe."

Tangu siku hiyo nyumba ya Zenebech ilipoa. Alipowaita watu kahawani, huyu alikuwa na mafua, yule anangoja fundi wa bomba, mwingine magoti hayamruhusu kupanda ngazi, na nyumba yenyewe haina ngazi. Yeye alitandaza majani, akaosha kahawa mbichi, akaikaanga, akaitwanga, akaitenga jikoni, moshi wake ukatoka dirishani kama kawaida. Wapita njia waliunusa, wakaenda zao. Kwetu mtu hanywi kahawa peke yake. Akionekana anakunywa peke yake huulizwa amegombana na nani. Zenebech alikaa mbele ya vikombe vitupu, akaimwaga ile kahawa kwenye shina la mkalitusi, na usiku hakupata usingizi kwa uchungu.

Alijaribu kuzungumza na bintiye. Alimwomba kwa upole akitoe kile kidude, au akifumbe jicho wakati wa kahawa.

"Nikikitoa nitajuaje kama uko hai?" Fikirte aliuliza.

"Utaniuliza."

"Niliuliza kuhusu baba."

Fikirte, kwa kuwa alikuwa na huruma, akapendekeza dawa: kwa nini wasinywe kahawa kwa simu, kila mtu kwake, kama walivyozoea siku za korona? Ni kweli walizoea. Zenebech aliikumbuka vizuri kahawa hiyo. Askale alikuwa akionekana paji la uso tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Gashe Workneh aliombwa atoe baraka, akasimama, akanyanyua mikono, akaomba dua ndefu yenye machozi bila hata mmoja kusikia neno, kwa vile sauti yake ilikuwa imefungwa na hakuna aliyethubutu kumkatiza mzee akiwa katika sala. Kila mmoja aliinywa kahawa yake mwenyewe na kuisifu ya mwenzake asiyoionja.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ile ilikuwa kahawa ya wafungwa."

*

Siku ya Ijumaa ya Kwaresima Zenebech aliamka alfajiri. Alikuwa ameazimia kushinda kanisani mpaka misa iishe saa tisa, bila kula wala kunywa, akamwombe Mama wa Mungu jambo moja tu, kwamba watu warudi nyumbani kwake. Lakini kwanza alitaka kulisema hapohapo sebuleni, mbele ya picha yake, kama alivyofanya miaka yote.

Alisogea, akafanya ishara ya msalaba, machozi yakaanza kumtoka. Kisha akakumbuka nani anakaa kando ya Bikira Maria. Angewezaje kumshtaki mtoto kwa Mungu huku mtoto mwenyewe anasikiliza? Alikitazama kile kidude kwa muda, uso umelowa, akavua mtandio wake mweupe wa pamba, akakifunika kichwa na shingo. Akamwaza yule wa mfukoni. Kama wa ukutani anasikia, wa mfukoni atakuwa kiziwi? Akaichukua simu, akaifukia ndani ya pipa la unga wa teff, akaliwekea kifuniko. Ndipo akaongea na Maria kwa kirefu, na hakuficha kitu.

Alipomaliza moyo ulikuwa mwepesi. Akajitanda mtandio mwingine, akafunga mlango, akarudishia lango, akashika njia ya kanisani. Wa ukutani na wa unga aliwasahau wote wawili.

*

Yaliyotokea nyuma yake alikuja kusimuliwa baadaye, na kila msimuliaji alijiondoa katika lawama.

Fikirte alikuwa anajiandaa kulala. Kama ilivyokuwa desturi yake, alifungua simu amtazame mama yake. Alichokiona ni uso wa mama karibu kabisa, unalia, ukipiga msalaba, halafu weupe. Weupe mtupu, wa nguo. Akamwita mama, hakujibiwa. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena. Mwishowe akampigia Gashe Workneh.

Mzee alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu kwa ajili ya tumbo lake. Alikuwa bado na kinyongo na binti huyo, lakini alikuwa mtu wa adabu, na aliitambua hofu katika sauti yake. Akamjibu kama mtu mzima anavyopaswa kumjibu aliye mbali.

"Mama yako hajambo, binti yangu. Mzima kabisa. Usiwe na wasiwasi."

"Yuko wapi?"

"Atakuwa amelala."

"Gashe, nipe niongee naye."

"Amelala, nimekwambia. Kula kitu, upumzike. Utaongea naye kesho."

Hakuna maneno mengine yaliyoweza kumuua Fikirte kama hayo. Ndiyo aliyoambiwa juu ya baba yake, neno kwa neno, na pengine na mzee huyuhuyu. Alipiga ukelele uliowaamsha wapangaji wa juu. Akampigia Tesfu, binamu yake anayeishi upande wa pili wa Addis Ababa na mwenye ufunguo wa akiba, akamwambia mama amefariki na mtaa mzima unamficha.

Tesfu naye akampigia Gashe Workneh, kwa hasira, kumuuliza kwa nini ndugu wanapata habari ya msiba kutoka ng'ambo. Mzee aliduwaa. Alimwona Zenebech jana yake akimwaga kahawa. Lakini Marekani wamesema, na Marekani wanaona mpaka ndani ya nyumba, yeye anaona lango tu. Alikwenda akabisha, kimya. Akampigia simu, akaisikia ikilia kwa mbali humo ndani, sauti imezibwa, kama inatoka chini ya mtu. Akachungulia kati ya nondo za dirisha, akaona ukutani kitu kimevishwa sanda. Akavua kofia.

Zamani mpiga baragumu wa idir angepita kila njia akitangaza. Tangu korona, Gashe Workneh alikuwa ameanzisha kundi la simu la idir, nalo alilipenda kuliko alivyopenda mkutano, kwa kuwa humo hapatikani wa kumkatiza. Aliandika tangazo kwa kidole kimoja, akaweka picha ya mshumaa unaowaka, na kwa bahati mbaya akaweka na ya keki. Hakuna aliyetilia maanani keki. Kufikia adhuhuri hema lilikuwa limesimama uani kwa Zenebech, mabenchi yamepangwa, wanawake wanapepeta na kukaanga. Mlango haukuvunjwa, kwa kuwa katiba ya idir inataka ndugu awepo, na ndugu alikuwa amekwama barabarani na ufunguo wake. Hakuna hata mmoja aliyewaza kuuliza kanisani.

*

Saa kumi kasoro Zenebech aliingia mtaani, njaa imemlegeza, akaona ncha ya hema. Moyo ulimruka. Nani tena? Aliharakisha, na alipokaribia akaugeuza mtandio wake, pindo lenye rangi likaja juu shingoni kama wafiwa wanavyovaa, akaanza kulia kwa sauti tangu njiani kama inavyompasa jirani. Kwa jinsi watu walivyojaa hakutambua hata kuwa lango alilopita ni lake. Akaketi benchi la nyuma kabisa kando ya mama mmoja wa mtaa wa chini, wakalia pamoja.

"Ni nani?" aliuliza baadaye, akifuta pua.

"Zenebech," yule mama alisema bila kugeuka.

"Zenebech yupi?"

"Mwenye nyumba."

Zenebech alitazama mkalitusi, akatazama lango, akautazama mlango wake uliofungwa. Alikuwa karibu kusimama, lakini mbele, katikati ya hema, Askale alikuwa amesimama, mtandio umefungwa kiunoni, anajipiga kifua na kuomboleza kwa maneno.

"Zene, mwenzangu! Nani ataikaanga kahawa kama wewe? Siku zote hizo naunusa moshi wako dirishani kwangu, najifanya sina pua! Koo imenikauka kwa kiburi changu! Ungeniita mara moja tu zaidi, ningekuja!"

Watu waliitikia kwa kilio. Gashe Workneh, macho mekundu, alisema marehemu hakuwahi kukosa maziko ya mtu, na kwamba yeye amemsamehe kila kitu, hata yale ya ukutani. Zenebech, nyuma kule, alilia kwa dhati. Ni lazima isemwe pia kwamba aliacha wamsifu kidogo zaidi, kwa sababu alikuwa na kiu ya sauti hizo kuliko ya maji, na hakuwa na hakika kama zingeendelea akishakuwa hai.

Askale alipovuta pumzi, ndipo Zenebech akasema, si kwa sauti kubwa:

"Mbona Jumanne nilikuita, Askale? Ulisema unangoja fundi wa bomba."

Benchi la nyuma lilianguka. Mama wa mtaa wa chini alipatikana nje ya lango. Gashe Workneh aliinua msalaba wake wa mbao, akaushikilia mbele yake mpaka Zenebech alipomwambia aushushe, kwa kuwa ni huohuo ambao mzee alimgonga nao jichoni kwa bahati mbaya mwaka jana. Hapo akaamini. Askale alimjia, akamshika mashavu, akamfinya kwa nguvu, akamwita mshenzi, akamkumbatia na kumlilia upya.

Likabaki suala la hema. Wapo waliotaka lishushwe. Gashe Workneh alisema hema la idir likishasimikwa halitolewi mpaka siku za matanga ziishe, ndivyo ilivyoandikwa, na walioandika hawakumfikiria marehemu anayerudi kutoka misani. Hema likabaki.

"Basi kaeni," Zenebech alisema. "Mmekuja kunizika, mtakunywa kahawa yangu."

*

Alipofungua pipa la teff simu ilikuwa moto kama kiazi, na ilikuwa inaita. Aliipangusa unga kwa kiganja cha mkono wake, akabonyeza pale alipofundishwa. Fikirte alitokea kwenye kioo, uso umevimba, amevaa nyeusi. Nyuma yake walijaa wanawake waliovaa nyeusi, na sahani za injera zilikuwa zimekwisha kuletwa. Alipomwona mama yake hakupiga kelele. Alitazama tu.

"Wanasema u mzima," alisema.

"Mimi ni mzima."

"Ndivyo walivyosema kuhusu baba."

Zenebech aliisogeza simu mpaka unga uliokuwa kwenye nyusi zake ukaonekana. Hasira aliyokuwa amemwandalia bintiye tangu alfajiri aliitafuta, asiione. Akaona moyoni zile soksi za sufu, jozi kwa jozi, ambazo mpaka leo zimo kabatini na karatasi zake.

"Tulikukosea, Fikirte," alisema. "Mimi kwanza. Nilikuwa pembeni ya baba yako nikikwambia amelala. Sitakudanganya tena, wala sitamwacha mtu akudanganye."

Fikirte alilia. Mama yake alimngoja.

"Lakini sikiliza na wewe. Kile chako cha ukutani kimewafukuza watu wote hawa. Kikibaki pale kinatazama, siku nitakapokufa kweli utaniona vizuri sana, mwanangu, nimekufa peke yangu mbele yake. Ndivyo unavyotaka kuniona?"

Fikirte alitikisa kichwa. Alijaribu kusema jambo kuhusu usalama, halikufika mwisho.

"Cha ukutani kitabaki na mtandio wake," Zenebech alisema. "Wewe njoo huku."

Aliichukua simu mpaka kwenye vikombe, akaiketisha juu ya kigoda, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, uso wa Fikirte ukielekea watu wote na watu wote wakimwona yeye. Akamwambia anayekaa kahawani huonekana, na kabla ya kikombe cha kwanza hupatana na aliowakosea. Fikirte alifuta macho. Akamwomba radhi Etiye Askale, akamwomba radhi Gashe Workneh, jina kwa jina, mbele ya hema zima la Gulele na jeshi zima la nyeusi la Washington. Gashe Workneh alikohoa, akarekebisha kola.

"Mwanangu anaegesha magari," alisema. "Na hajagonga hata moja."

"Hajagonga, Gashe," Askale alisema haraka. "Hilo tumelisikia wote."

Kahawa ilikaangwa, moshi wake ukapitishwa mbele ya pua ya kila mtu, na mbele ya ile simu pia. Ubani ukawekwa kwenye makaa. Zenebech alimimina kutoka juu, uzi mwembamba mweusi, kikombe baada ya kikombe, na kimoja akakiweka mbele ya Fikirte. Duru ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, watu wakaanza kuteta habari za bei ya teff na za Tesfu aliyefika wakati huo, jasho linamtoka, ufunguo mkononi, akitaka kujua mwili uko wapi.

Kwenye duru ya tatu, ile ya baraka, Zenebech alilifungua kopo la sukari taratibu ili simu isianguke. Akatia kijiko kimoja katika kikombe chake. Akatia cha pili. Mazungumzo yalikatika, na macho yote ya hema yakageuka kwenye simu. Akatia cha tatu.

Fikirte alifumbua mdomo, akaufumba, akainamisha macho sakafuni.